Jiwe Likiiva, Mlima Huanguka: Tunahesabu Kutoka Tisa Hadi Moja

Ukisimama ufukweni Saadani ukageuza uso magharibi, huoni volkano hata moja. Unaona mikoko, mabwawa ya chumvi, minazi, na ukibahatika, tembo akikatiza kuelekea Mto Wami. Ndiyo maana ukimwambia mtu wa huku kwamba kuna milima nchini inayopikwa na maji yake yenyewe mpaka mawe yakalainika, atakujibu: hilo ni la Wachaga na Wameru, sisi tuachie pweza wetu.

Haya, pweza tutamla. Lakini tusikilizane kwanza. Watu wengi wakisikia volkano wanaogopa moto, na moto una haki yake ya kuogopwa. Kinachosahaulika ni kazi inayofanyika kimyakimya ndani ya mlima kwa maelfu ya miaka: maji moto na gesi vinapita kwenye nyufa, vinayageuza mawe magumu kuwa mfinyanzi, halafu siku moja ubavu mzima wa mlima unateremka bila hata cheche. Namba tisa ni nyepesi, namba moja ni nzito. Mwenye haraka aruke.

9. Saadani haina volkano, ila ina jirani mwenye mkono mrefu

Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, ndiyo hifadhi yetu inayojulikana kwa wanyama kufika mpaka baharini. Ardhi yake ni mchanga, udongo mweusi wa mbugani na mawe ya matumbawe ya kale. Mabwana wa Bagamoyo na Kaole walijenga kwa matumbawe kwa kuwa ndiyo waliyokuwa nayo. Volkano hawakuwa nayo, na hawakulalamika.

Sasa pandeni kaskazini kidogo mpaka mlango wa Mto Pangani. Maji yale ya kahawia yameanzia kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Kikuletwa inakuja upande mmoja, Ruvu upande wa pili (Ruvu ya huko juu, si hii yetu ya Bagamoyo, msije mkagombana), zinakutana Nyumba ya Mungu, kisha mto unashuka mpaka Bahari ya Hindi. Kabla bwawa lile halijajengwa miaka ya 1960, udongo wa milima ile ulikuwa ukiteremka bila wa kuuzuia. Kwa hiyo Mchaga akikwambia mlima ni wake, mkubalie kwa upendo, kisha umkumbushe kwamba tope ni la sote.

Na kuna wageni wa mbali zaidi. Krakatau ya Indonesia ilipolipuka mwaka 1883, mawe yake mepesi yaliyojaa vitundu yalielea yakavuka bahari nzima hadi pwani ya Afrika Mashariki. Nauli hawakulipa.

8. Harufu ya yai viza ni taarifa

Kilele cha Kibo, kule Kilimanjaro, kina kasoko iitwayo Reusch, na katikati ya kasoko hiyo kuna shimo la majivu lenye kina cha zaidi ya mita 100. Wanaofika pale wanapokelewa na harufu ya salfa, na katika baadhi ya nyufa mvuke bado unatoka, umeacha utando wa njano juu ya mawe. Kibo imelala. Haijazikwa.

Gesi zile ndizo zinazoanza kazi. Dioksidi ya salfa na gesi nyingine za salfa zikikutana na maji na hewa, hutengeneza tindikali ya salfa, ileile iliyomo kwenye betri ya gari. Muulize fundi yeyote wa magari wa Msata au Chalinze, atakuonyesha suruali yenye matundu. Tofauti ni kwamba fundi ana suruali nyingine nyumbani. Mlima unavaa hiyohiyo miaka elfu kumi.

Upande wa magharibi wa Kibo kuna pengo kubwa ukutani, Western Breach, lililoachwa na mporomoko wa kale unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 100,000 hivi. Wapagazi wanaijua njia hiyo vizuri na hawaipiti kwa mbwembwe. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliyolegea juu yake yaliporomoka yakaua wapanda mlima watatu kutoka Marekani. Barafu iliyokuwa imeyashikilia mawe ya huko juu inazidi kurudi nyuma, na kila kipande cha ukuta kinachobaki wazi kinalazimika kujitegemea. Ukuta uliochoka haujitegemei kwa muda mrefu.

7. Felspa inahama ukoo

Hapa ndipo penye siri yenyewe, kwa hiyo tukae.

Miamba mingi ya volkano imejaa felspa, fuwele ngumu zinazong'aa jua likizipiga. Tindikali moto ikiigusa felspa, inanyofoa sodiamu, potasiamu na kalsiamu na kwenda nazo. Kinachobaki, yaani silika, alumini na maji, kinajipanga upya kuwa mfinyanzi. Penye tindikali kali hutokea kaolini. Mahali ambapo ukali ni mdogo hutokea smektaiti, na huyu ndiye mtundu wa familia: akipata maji ananyonya, anavimba, kisha anateleza. Kioo cha volkano, yaani zaha iliyopoa haraka mno hata isipate nafasi ya kuunda fuwele, hugeuka upesi kuliko wote. Nyufani hujaa jasi, aluniti na salfa. Chuma kilichomo nacho kinashika kutu, ndiyo maana kuta za namna hii huwa na mabaka mekundu, ya machungwa, ya njano na meupe, mazuri kweli kwa picha. Mpiga picha apige. Asiegemee tu.

Chukua kipande kilichotoka pembeni mwa tundu la mvuke, ukiweke kiganjani. Umbo ni lilelile la jiwe. Ukikisogeza karibu na jicho, unaziona fuwele za felspa zimekaa mahali pake, kila moja na kingo zake nne, kama vile hakuna kilichotokea. Pitisha ukucha juu ya fuwele moja: inakwanguka, inabaki unga mweupe kidoleni. Pitisha juu ya nyingine, ni vilevile. Jiwe hili ni muhogo uliovundikwa: nje umbo zima, ukiuminya vidole vinazama. Na kwa kuwa umbo halibadiliki, mtu anayetazama genge kutoka kijijini chini haoni kilichobadilika. Babu yake alilikuta lile genge, na yeye amelikuta. Anahitimisha kwamba litakuwepo. Anayeishi chini ya mlima ana haki ya kuwa na matumaini, lakini mfinyanzi hausomi matumaini ya mtu.

6. Mashine ya kubana haipokei rushwa

Wanajiolojia hukata vipande vya mwamba kwa umbo la silinda ndogo, upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 4 hivi, wakaviweka kwenye mashine inayobana polepole mpaka kipande kipasuke. Andesiti, jiwe la volkano, ikiwa nzima na bila vitundu vingi, inaweza kuhimili zaidi ya megapaskali 100. Maana yake ni mzigo wa tani moja juu ya kila sentimita moja ya mraba. Mheshimiwa kabisa.

Ndugu yake wa tumbo moja, aliyekaa kwenye maji moto ya tindikali mpaka akajaa vitundu na mfinyanzi, anaweza kusalimu amri kabla ya megapaskali 10. Hapo hata kilo mia moja kwa sentimita ya mraba hazifiki, uzito wa bwana harusi mmoja aliyeshiba pilau ya Bagamoyo.

Mambo matatu yanamwangusha kwa pamoja. Madini yaliyoyeyuka yanaacha matundu, na kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia. Mfinyanzi unapunguza msuguano, hivyo pande mbili za ufa zinateleza badala ya kung'ang'aniana. Na maji yaliyobaki vitunduni, yakiwa na shinikizo, yanausukuma mwamba kutoka ndani. Silinda ya maabara pia huchaguliwa isiyo na nyufa kubwa, kwa hiyo mlima wenyewe, pamoja na nyufa zake zote, ni dhaifu kuliko namba inayosomwa kwenye mashine. Hilo wahandisi wanalikumbuka. Wauza viwanja wangesaidia kwa kulikumbuka pia.

5. Lengai, mlima unaoogopa umande

Kusini mwa Ziwa Natron kuna Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai, volkano hai pekee duniani inayotoa zaha ya natrokabonatiti. Basalti ya kawaida hutoka ikiwa na nyuzi joto zaidi ya 1,000. Zaha ya Lengai ina 500 hadi 600 tu. Inatoka nyeusi, nyepesi, inakimbia. Ikishapoa, ndani ya saa au siku chache inageuka nyeupe, kwa sababu ya unyevu tu. Mvua ikinyesha, ni haraka zaidi.

Moja kati ya madini yake mawili makuu linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Linayeyuka majini. Mwalimu mwenyewe alikuwa mgumu kuliko jiwe lake, na nadhani hata wapinzani wake watanikubalia.

Hapa maji hayahitaji hata kuchemka. Umande wa alfajiri unatosha kuanza kulivunja jiwe. Ukiongeza miteremko mikali ya Lengai na gesi zinazopita ndani yake, hushangai kwamba chini ya mlima wanajiolojia wamekuta masalia ya maporomoko makubwa ya kale, zaidi ya moja. Mlipuko wa 2007 na 2008 ulizungumzwa sana. Maporomoko yale ya kale hayazungumzwi, na kwa maoni yangu ndiyo yanayostahili kibao pale Engare Sero, kwa Kimasai na Kiswahili, kabla ya kibao cha bei za kupanda mlima.

4. Jiwe lililokuwa gumu kupita kiasi

Tuwe wa haki: maji moto hayalainishi kila yanapopita. Yakipoa huacha silika na aluniti ndani ya vitundu, vitundu vikaziba, na jiwe likawa gumu kuliko lilivyozaliwa. Mtu atasema alhamdulillahi. Angoje kidogo. Vitundu vikiziba, mvuke hauna pa kutokea. Shinikizo linapanda chini ya kifuniko, mpaka kifuniko kinasalimu amri chote kwa mara moja.

Milipuko ya mvuke ndiyo iliyoua watu 22 katika kisiwa cha Whakaari, New Zealand, tarehe 9 Desemba 2019, na watu 63, pamoja na wasiopatikana, katika mlima Ontake, Japani, tarehe 27 Septemba 2014. Wengi wao walikuwa watalii na wapanda mlima wa siku moja, watu waliotoka nyumbani na chakula cha mchana mkobani. Hapa sina utani wa kuweka.

3. Mfinyanzi huohuo unatuwashia taa

Kule Olkaria, karibu na Naivasha, Wakenya wameufanya mfinyanzi kuwa mshauri. Tabaka la mfinyanzi juu ya hodhi la maji moto halipitishi maji kwa urahisi, hivyo linayafunika yasipoteze joto. Tena kila dini ina waumini wake na kila joto lina madini yake: smektaiti hutoweka joto likikaribia nyuzi 200, na epidoti huanza kuonekana likipita 240 hivi. Anayechimba kisima anayasoma madini yanayopanda juu na kujua joto lililokuwa chini. Mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981 ukiwa na megawati 15, na tangu hapo hawajarudi nyuma.

Kwetu, Kampuni ya Kuendeleza Jotoardhi Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2013, inashughulika na Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka huko kusini-magharibi, na pia Luhoi, wilayani Rufiji, Mkoa huuhuu wa Pwani. Watu wa Rufiji, nanyi mmo. Mawe ya Luhoi ni ya mashapo, hayana ukoo na zaha, lakini maji moto mnayo.

2. Mvua huja kumalizia tu

Tarehe 30 Oktoba 1998 kimbunga Mitch kilikuwa kimemwaga mvua kwa siku kadhaa juu ya Nikaragua. Volkano Casita haikuwa imewaka. Hakuna aliyekuwa akiitazama. Karibu na kilele chake kulikuwa na mwamba uliokuwa umepikwa na maji moto kwa muda mrefu, wenye nyufa na mfinyanzi tele. Kipande chake kilimeguka. Kiliposhuka kilikusanya maji na udongo wa njiani, kikakua mara nyingi kuliko kilivyoanza, na vijiji viwili, El Porvenir na Rolando Rodríguez, vikafutika. Watu zaidi ya 2,000 walikufa.

Mfano wa zamani zaidi ni wa Mlima Rainier wa jimbo la Washington, Marekani. Miaka kama 5,600 iliyopita kilele chake, kilichokuwa kimeoza kwa tindikali, kiliporomoka kikawa tope la Osceola, kilomita za ujazo karibu 4. Tope lenye mfinyanzi mwingi halitui upesi, kwa hiyo lile lilisafiri kilomita nyingi mpaka kwenye maji ya Puget Sound. Mabonde yaliyojazwa na udongo ule leo yana miji, na katika mji wa Kent, kusini mwa Seattle, utawakuta Wakenya na Wasomali wakiuziana sambusa juu ya ardhi iliyowahi kuwa kilele cha mlima. Huko serikali imeweka ving'ora mabondeni, na watoto wa shule za Orting hufanya zoezi la kukimbilia kwenye mwinuko. Watoto hulifurahia zoezi hilo kwa kuwa linakula kipindi cha hesabu. Nami ninalifurahia kwa sababu nyingine.

1. Meru, na asubuhi ile ya Hanang

Meru ina mita 4,566, na upande wake wa mashariki haupo. Karibu miaka 8,000 iliyopita, ubavu huo ulianguka. Ndiyo sababu ukitazama kutoka Momella unaona kiti kikubwa kilicho wazi upande mmoja, ukuta wake ukipanda zaidi ya mita 1,000, na koni ya majivu imekaa ndani. Vile vilima vidogovidogo unavyopita ukielekea maziwa ya Momella, ambako heroe wanakula kwa adabu, ni mabonge ya mlima wenyewe, yaliyobaki yalipotua. Masalia ya mporomoko ule yameenea mpaka kuelekea miguuni mwa Kilimanjaro. Mtu wa Arusha anayejisifu kwamba mlima wake ni mzuri hasemi uongo. Sehemu yake nyingine tu iko kwa jirani.

Mlima wa aina ile, uliojengwa kwa matabaka ya zaha juu ya majivu, huanguka sababu kadhaa zikikutana: miteremko mikali, majivu yaliyolegea, maji, matetemeko, na mwamba wa ndani uliopikwa. Meru iliwaka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910. Moto wake ulipumzika, lakini mvua haijapumzika.

Halafu Hanang. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka mlimani vikaingia Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Zaidi ya watu 80 walifariki. Wapo waliodhani volkano imeamka. Haikuwa hivyo, serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Kwa miaka mingi tuliiita Hanang volkano iliyolala na neno lile likatutuliza, wakati mwamba wake dhaifu haukuhitaji kuamka ili uue.

Hapa ndipo pananiuma, na sitaki kupafunika kwa mzaha. Mwamba laini unaweza kuonekana kabla haujaanguka. Mfinyanzi wenye maji hupitisha umeme vizuri kuliko zaha nzima, na mwamba uliopikwa hupoteza usumaku wake, kwa sababu madini ya chuma yanayoubeba nayo yameliwa. Wamarekani waliruka juu ya Rainier na helikopta yenye vipimo hivyo viwili, na mwaka 2001 wakachapisha ramani ya mahali mfinyanzi ulipo ndani ya mlima na mahali usipo. Taasisi yetu ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, pale Dodoma, inapima nchi hii kutafuta dhahabu na nikeli. Ipewe fedha ya kupima Meru, Hanang, Lengai na Rungwe kwa ajili ya watu wanaolala chini yake. Ianze na Meru, kwa kuwa jiji la Arusha liko miguuni pake. Ramani ikishatoka ibandikwe ofisi ya kijiji, isifungiwe kabatini.

Wakati tunaisubiri, walio chini ya milima hiyo wajue dalili tatu za msimu wa mvua: kijito kilichokuwa kikijaa kikipungua ghafla huku mvua inaendelea, maji yakibadilika rangi ghafla na kubeba magogo, au ngurumo isiyokoma kutoka korongoni. Yoyote ikitokea, usishuke kuangalia na usifuate mto. Toka kwenye bonde kwa kupanda pembeni, mbebe bibi, mwamshe jirani, na ng'ombe afunguliwe kamba ajiokoe mwenyewe.